Mmea mkavu kama karatasi juu ya jabali, nimeumwagia maji umerudi kijani. Ulikuwa umekufa au umelala?

#1 Mtu wa Majabali
Wakuu, habari za jioni. Wajuvi wa mimea naomba msaada, hili jambo linaninyima usingizi.

Niko nje kidogo ya Singida mjini. Nyuma ya nyumba kuna jabali kubwa, na kwenye nyufa zake kuna mmea ambao tangu mwezi wa sita nimekuwa nikiuhesabu kuwa kuni. Shina lake ni jeusi, limevikwa nyuzinyuzi kama brashi ya kusugulia sufuria. Juu yake kuna majani marefu membamba kama ya nyasi. Mwezi huu yalikuwa ya kahawia kabisa, ukiyabana kwa vidole yanavunjika.

Jumatatu nilibandua kipande chenye mizizi, nikakipanda kwenye kopo na kukimwagia maji. Jumanne majani yalikuwa yamelainika na kunyooka, ila rangi bado ya tumbaku. Nikasema hayo ni maji tu, hata kamba kavu ukiiloweka hulainika. Jumatano jioni nikaona kijani kinapanda kutoka chini. Leo Jumamosi jani zima ni kijani, isipokuwa ncha.

Je, ulikuwa umekufa au umelala? Na kama ulikuwa umelala, kijani kilikwenda wapi?

#2 Nyuki Mdogo
Nimeweka kiti mbele kabisa. Nasubiri wajuvi.

#3 Shamba Darasa
Mkuu, mbona hilo ni la kawaida? Mbuyu unapukutisha majani kiangazi kizima, ukionja mvua unachipua. Mizizi haikuwa imekufa. Umeona majani mapya ukadhani ni ya zamani.

#4 Mtu wa Majabali
Shamba Darasa, nililifikiria hilo mapema. Kabla ya kumwaga maji nilifunga uzi mwekundu kwenye majani matatu makavu. Ni majani yale yale, na uzi upo palepale. Hakuna chipukizi jipya hata moja.

#5 Mwalimu Usanisinuru
Asante kwa uzi mzuri, na hongera kwa kufunga huo uzi mwekundu. Wengi hawafiki hapo.

Kwa maelezo yako (shina la nyuzi, majani ya mfano wa nyasi, jabali), huo ni wa jenasi ya Xerophyta. Huku kwetu upo Xerophyta spekei, jina lililotokana na Speke, yule Mwingereza aliyepita nchi hizi akitafuta chanzo cha Nile. Maua yake ni ya zambarau iliyofifia. Ukiyaona mvua zikianza utakuwa na uhakika.

Mimea mingi, mahindi yakiwemo, ikipoteza karibu nusu ya maji yake hairudi tena. Hii inashuka hadi chini ya asilimia 10 ya maji ya kawaida, ikakaa hivyo miezi, kisha ikarudi. Katika mimea yote yenye maua duniani, inayoweza hivyo ni mia chache tu. Orodha ya mwanzo ya mimea ya kusini mwa Afrika aliichapisha Mwaustralia Donald Gaff mwaka 1971.

Kuhusu kijani: mmea wako uliubomoa wenyewe, kwa makusudi. Jani lenye klorofili (ile rangi ya kijani) linaendelea kunasa mwanga hata kama maji yamekwisha. Nguvu ile ikikosa kazi inazalisha oksijeni kali inayounguza seli kutoka ndani. Xerophyta inaona heri ing'oe mitambo yote, iihifadhi mipango ya ujenzi, na ijenge upya mvua ikija. Ndiyo maana umesubiri kijani siku kadhaa wakati ulaini ulikuja kwa usiku mmoja.

#6 Mvuvi wa Kirumba
Wakuu, mnazunguka mbali. Huyo ni kamongo wa nchi kavu! Kamongo maji yakikauka anajichimbia kwenye tope, anajifunga, analala mpaka mvua. Huku Mwanza kila mtoto anajua.

#7 Mwalimu Usanisinuru
Mvuvi, mfano mtamu ila una kasoro. Kamongo anajikunja ndani ya ute uliokauka ili mwili wake usipoteze maji. Ukimkata akiwa topeni utakuta nyama mbichi. Sasa mbane huyu wa Singida kwa vidole, anavunjika. Kamongo anaukwepa ukavu, na mbuyu wa Shamba Darasa pia unaukwepa. Huu mmea unaukubali ukavu uingie mpaka ndani ya seli.

#8 Mvuvi wa Kirumba
Nimekubali, mwalimu. Ila kamongo nimpeleke wapi sasa, nimeshamleta.

#9 Nyuki Mdogo
Mpeleke jikoni, Mvuvi, tukimaliza uzi tuje kula.

#10 Mwende wa Iveti
Hamjambo. Mimi ni wa Machakos. Hizo nyuzi za shina mleta mada anazosema, marehemu bibi yangu alizitumia kuwashia moto asubuhi, zinashika haraka. Wala hakuuita mmea uliokufa. Alikuwa akisema unangoja.

Lakini nataka kuongeza mwingine ambao wengi wanaukanyaga bila kujua. Juu ya mawe yetu kuna vibonde vyenye udongo usiozidi kina cha kidole. Mvua ikinyesha vinajaa vimmea vidogo vilivyolala chini kama sahani, maua yake ya samawati na zambarau. Jua likiwaka wiki mbili, yale majani yanajikunja kuelekea katikati, ya nje yanayafunika ya ndani kama ngumi ya mtoto, na unaona migongo yake ina rangi ya damu ya mzee. Ukiunyeshea jioni, asubuhi umefunguka. Na kijani hakikupotea, kilikuwa kimefichwa ndani ya ngumi. Sasa huyu mbona hakubomoa kitu?

#11 Mwalimu Usanisinuru
Dada Mwende, umeeleza kuliko vitabu. Huo ni Craterostigma. Njia yake ni ya pili: anatunza klorofili, lakini anajikunja ili mwanga usiifikie, na ile rangi nyekundu ni pazia. Faida ni kwamba anaamka haraka, siku moja inatosha. Hasara ni kwamba akikaa mkavu muda mrefu, kile kijani alichokitunza kinaweza kumgeuka. Xerophyta anachelewa kuamka ila analala kwa usalama zaidi.

#12 Maabara ya Mtaani
Naomba niingie hapa, maana mmeeleza mwanga lakini hamjagusa kinachoua hasa. Seli ikikauka inasinyaa, utando wake unagandana, protini zinakunjana na kushikana kama ugali uliolala. Ukirudisha maji unapata uji uliovunjika, si seli.

Kinachookoa ni sukari. Huyo Craterostigma wa dada Mwende amechunguzwa sana Ujerumani, kwenye maabara ya Dorothea Bartels huko Bonn. Akiwa na maji, majani yake yamejaa sukari adimu yenye kaboni nane. Anapoanza kukauka anaigeuza kuwa sukrosi, sukari ile ile ya miwa, kwa wingi mno. Mvua ikirudi, anaigeuza tena.

Ili mwelewe sukari inafanya nini, fikirieni pipi ngumu. Unachemsha sukari mpaka maji yaishe, unaipoza haraka, haigandi kuwa chengachenga. Inakuwa kama kioo. Ndani ya seli ni hivyo: kila kitu kinashikwa palepale kilipokuwa, hakuna kinachosogea, hakuna kinachooza. Pamoja na sukari kuna protini maalumu zinazokaa katikati ya protini nyingine ili zisishikane. Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada: haukufa na haukulala. Ulisimamishwa.

#13 Fundi wa Mbegu
Naunga mkono sehemu tu, mkuu. Sukari ingekuwa siri yote, miwa ingefufuka. Mua umejaa sukrosi na ukikauka umekauka.

#14 Maabara ya Mtaani
Hoja nzito hiyo. Jibu langu ni kwamba sukari ya mua imekaa sehemu ya kuhifadhia, haijaenea kwenye kila utando. Lakini nakiri, sukari peke yake haitoshi.

#15 Kapuku wa Mbeya
Mimi nadhani nyote mnaangalia upande mmoja. Mnazungumzia kujikinga kabla. Vipi ukarabati baada ya mvua? Ule mmea kama zulia la kijani kwenye kuta zenye unyevu bafuni (mosi), unakauka kwa saa chache tu, hauna muda wa kupika pipi yoyote. Ukiumwagia maji seli zinavuja kwanza, kisha zinajiziba. Unafanya kazi ya fundi wa viraka. Kwa nini tusiseme na hawa wa majabali ni mafundi wa viraka pia?

#16 Mwalimu Usanisinuru
Kapuku, kwa mosi uko sahihi kabisa, ukarabati ndio sehemu kubwa. Kwa mimea yenye maua, ushahidi unaegemea kinga: ukiikausha haraka kupita kiasi wengi wanakufa. Wanahitaji siku kadhaa za kukauka taratibu ili wajiandae. Kuna hata nyasi fulani (Sporobolus stapfianus) ambayo ukikata jani likiwa bichi na kulikausha, linakufa, lakini likikauka likiwa bado kwenye mmea linafufuka. Maana yake maandalizi yanahitaji mmea mzima.

Ila kijani kilichojengwa upya siku tatu kwenye kopo la Singida nacho ni ujenzi. Kwa hiyo sikupingi moja kwa moja.

#17 Mswahili wa Maskati
Salaam. Huku Omani kuna kitu mnaweza kukiongeza: kaff Maryam. Kimti kikavu kilichojifunga kama ngumi. Mwanamke akishikwa na uchungu wanakitia kwenye bakuli la maji, kinafunguka polepole, na wazee wanasema kadiri kinavyofunguka ndivyo uzazi unavyokuwa mwepesi. Shangazi yangu anacho kimoja tangu kabla sijazaliwa, kimefunguka mara nyingi. Huo si ndio ufufuko wenyewe?

#18 Fundi wa Mbegu
Ndugu wa Maskati, shukrani, na samahani kwa kukukatisha. Kaff Maryam (Anastatica hierochuntica, wengine humwita waridi la Yeriko) aliye kwenye bakuli la shangazi amekufa kweli. Ni mmea wa msimu mmoja. Akishazaa mbegu anakufa, matawi yanajikunja na kuzishika. Maji yakifika, upande mmoja wa tawi unavimba kuliko mwingine, likanyooka. Ni kama mlango wa mbao unaokaza masika. Hawi kijani tena, hata ukimloweka mwaka. Kilicho hai ni mbegu zake, na kufunguka kule ni ili mvua izipige ziruke.

Usimchanganye na yule wa majangwa ya Meksiko, Selaginella lepidophylla, anayeuzwa kwa jina lile lile la waridi la Yeriko. Yule anafufuka hasa.

#19 Mswahili wa Maskati
Ahsante, nimeelimika. Ila shangazi sitamwambia ni mlango wa mbao. Kwake kile kimti kimepokea watoto saba.

#20 Mwende wa Iveti
Usimwambie kaka. Na kuna jambo zuri hapo: Jumanne ya mleta mada (majani kulainika bila kijani) ilikuwa ni kaff Maryam. Jumatano ndipo uhai ulipojionyesha.

#21 Mtu wa Majabali
Dada Mwende, hiyo sentensi nimeinakili kwenye daftari langu.

#22 Tembea Kusini
Nilifanya kazi Bulawayo miaka minne. Kwenye majabali ya Matobo kuna kichaka kinachofika kiunoni, majani yake yanajikunja kama pepeo ya ukindu iliyofungwa. Washona wanakiita mufandichimuka. Sikilizeni neno lenyewe: kufa kumo ndani yake, kuamka kumo pia. Wanachemsha kama chai ya kifua na mafua, harufu yake inajaza nyumba. Mama mmoja aliniwekea kijiti kikavu kwenye glasi ya maji wakati tunakunywa chai usiku. Asubuhi majani yalikuwa wazi na ya kijani.

Kinachonishangaza ni huu ni mti wa mbao. Maji yanapandaje kwenye mirija iliyojaa hewa? Fundi bomba yeyote atakwambia hewa ikiingia kwenye bomba, pampu inashindwa.

#23 Fundi Bomba Tabata
Nimeitwa? Ni kweli, hewa ikiingia ni lazima uitoe. Ama usukume kutoka chini, ama uache bomba linyonye lenyewe kama utambi wa koroboi. Mti una pampu chini?

#24 Maabara ya Mtaani
Karibu fundi. Mmea huo ni Myrothamnus flabellifolius. Mizizi yake inasukuma, lakini kwa nguvu ndogo mno, haitoshi kufikisha maji kwenye kilele. Utambi wa koroboi ndio wengi wanaoutegemea, kwa kuwa mirija yake ni myembamba sana. Wengine wakakuta kuta za mirija zina mafuta, wakauliza utambi wenye mafuta unanyonyaje maji. Na kijiti cha Tembea Kusini hakikuwa na mzizi, kwa hiyo angalau kwa kijiti kifupi pampu haihitajiki.

#25 Fundi Bomba Tabata
Na majani yenyewe yakipata mvua moja kwa moja? Maji yanaweza kuingilia juu. Sisi hujaza bomba kutoka tangi la juu pia.

#26 Tembea Kusini
Fundi, kile cha kwenye glasi majani hayakuguswa na tone. Lakini porini mvua inapiga pande zote, sikukatalii.

#27 Kangaga
Hodi. Wengine tuna jina la mmea unaofufuka na hamjatutaja! Kangaga wengi wa mawe wanakauka na kurudi. Actiniopteris, yule anayefanana na mvumo mdogo wa urefu wa kidole, yupo kwenye mawe makavu mengi ya huku kwetu.

Nataka kuwauliza swali gumu zaidi: uwezo huu ulitoka wapi?

#28 Fundi wa Mbegu
Jina langu linajibu. Punje ya mahindi ghalani ina unyevu wa asilimia 13 hivi na iko hai. Sisi wakulima tunaihakiki kwa chumvi: unatia punje na chumvi kavu kwenye chupa, unatikisa, chumvi ikishika ukutani bado ni mbichi. Karibu kila mmea wenye maua una ujuzi wa kukauka bila kufa, ila anautumia kwenye mbegu tu. Jenomu (jumla ya jeni zote) ya Xerophyta viscosa ilichapishwa 2017, na ikaonekana kwamba jani lake likikauka linawasha jeni nyingi za aina ile ile zinazowaka mbegu inapokomaa. Jani limejifanya mbegu. Profesa Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town ameitetea hoja hii kwa miaka mingi. Ameshasimulia kwamba mmea wa kwanza wa aina hii aliuona akiwa na miaka 9 kwao shambani, na baba yake hakumwamini.

#29 Kangaga
Mkuu, kangaga hana mbegu. Mosi naye hana. Na wote wanafufuka. Kwa hiyo majani yalijua kwanza, tangu mimea inatoka majini kuja nchi kavu, na mbegu ndiyo iliyoazima ujuzi baadaye.

#30 Fundi wa Mbegu
Huenda uliazimwa kisha ukarudishwa. Wenye maua waliupoteza kwenye majani, wachache wakaurudisha kutoka kwenye mbegu, kila ukoo kwa wakati wake.

#31 Mtoto wa Wundanyi
Basi nielezeni hili. Kwenye misitu ya mvua ya milima yetu, upande wa Kenya na upande wa Tanzania, kuna kimmea kidogo kinaitwa Lindernia brevidens, ndugu wa karibu wa Craterostigma wa Mwende. Kinaishi mahali penye ukungu na unyevu mwaka mzima, hakijui ukame ni nini. Watafiti wa Bonn wakakikausha mpaka kikavunjika, wakakimwagia maji, kikarudi. Kwa nini mtu wa msituni ana ujuzi wa jangwani?

#32 Kapuku wa Mbeya
Aisee. Hii imenisimamisha.

#33 Kangaga
Maelezo niliyowahi kuyasoma ni kwamba ni urithi. Mababu zake waliishi pakavu, misitu ile ya kale ikampa kimbilio, na ujuzi haujamtoka bado.

#34 Fundi wa Mbegu
Au kuutunza hakumgharimu sana. Ingekuwa ghali ungeshapotea.

#35 Shamba Darasa
Narudi na swali la njaa. Mwaka jana nilipoteza ekari mbili za mahindi kwa wiki tatu tu za jua, yakiwa yanatoa mbelewele. Hizo jeni haziwezi kuingia kwenye mahindi?

#36 Mwalimu Usanisinuru
Pole sana mkuu. Farrant na wenzake wanalifuatilia hilo hasa. Wanaitazama pia tefu, nafaka ya Ethiopia, kwa sababu ina ndugu anayefufuka, Eragrostis nindensis. Lakini si jeni moja. Ni mamia yanayowaka kwa mpangilio, na mimea hii hukua taratibu. Pia angalia: huyo nindensis mwenyewe majani yake ya nje hufa, ya ndani tu ndiyo hurudi. Mahindi yakiwa kwenye mbelewele hayana muda wa kusimama na kungoja.

#37 Shamba Darasa
Kwangu hata yakisimama wiki tatu bila kufa ingetosha. Sihitaji yafufuke kama jabali.

#38 Mtu wa Majabali
Wakuu, nilikaa kimya nikifanya jaribio la Kapuku na Mwalimu. Nilikuwa na vipande viwili vilivyorudi kijani. Kimoja nilikiacha kivulini bila maji, kikakauka kwa siku tisa. Kingine nilikianika juu ya bati, kikakauka kwa siku moja. Vyote nikavimwagia maji siku moja. Leo ni siku ya tano. Cha kivulini ni kijani. Cha kwenye bati kimelainika siku ya kwanza, kisha kimekuwa cheusi na kinanuka.

#39 Mwalimu Usanisinuru
Kinga kabla, si ukarabati baada. Safi sana.

#40 Kapuku wa Mbeya
Mwalimu, subiri. Bati la Singida mchana ni kikaango. Inawezekana kimeuawa na joto, si haraka. Akikaushe haraka kivulini, kwa feni, ndipo tuseme.

#41 Mwende wa Iveti
Kapuku ana haki hapo. Na mimi ningependa ubandue zile nyuzi za shina uone kilichomo. Bibi alikuwa akichomoa vijiuzi vyeupe kabla ya kuwasha moto.

#42 Mtu wa Majabali
Feni nitaazima kwa jirani kesho. Nyuzi nimezibandua sasa hivi kwa kisu kwenye kile kilichokufa. Dada, ni kweli: kumbe zile nyuzi ni mabaki ya majani ya zamani, na katikati yake imepita mizizi myembamba, mingi, inashuka na shina toka juu mpaka chini, haijawahi kugusa udongo. Nimelowesha kipande kile kwa tone moja juu kabisa, na tone halikuteremka. Limenyonywa palepale.

#43 Fundi Bomba Tabata
Tangi la juu! Nilisema!

#44 Maabara ya Mtaani
Fundi, hiyo ni Xerophyta, mufandichimuka ni habari nyingine. Ila mleta mada, rudia hilo tone kwenye kipande kilicho hai, na uweke rangi ya bluu kwenye maji tuone linafika wapi.